Hesabu ya Mfanyakazi: Mhadhara kuhusu Motisha na Tabia za Watu Kazini

Motisha ya mfanyakazi ni msukumo unaomfanya aanze kazi, aikazanie, na asiitupe njiani hata pale ambapo hakuna anayemtazama. Taaluma inayochunguza tabia za watu katika taasisi huuangalia msukumo huo katika ngazi tatu: mtu mmoja mmoja, kikundi anachofanya nacho kazi, na taasisi nzima yenye taratibu zake za kuajiri, kulipa na kupandisha vyeo. Katika semina nyingi za uongozi ngazi ya kwanza ndiyo humeza muda wote: mwezeshaji huchora piramidi ya mahitaji ya binadamu, huwahimiza washiriki wajitume, kisha watu huenda kula. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 100, kuanzia viwanda vya Marekani hadi shule za msingi za Kenya na Tanzania, unaelekeza kwingine. Mfanyakazi hupiga hesabu, na aghalabu huipiga pamoja na wenzake. Huangalia kama juhudi yake itazaa kitu, kama ahadi aliyopewa itatimizwa, kama malipo yake yanalingana na ya jirani yake, na kama wenzake watamwona mwenzao au msaliti. Sehemu kubwa ya mambo hayo iko nje ya moyo wake, na meneja anaweza kuiona akitaka.

Uchunguzi huu ulianza na fedha. Mwaka 1899 mhandisi Frederick Taylor alikuwa katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, ambako vibarua walibeba mikuo ya chuma yenye uzito wa kilo 40 na ushee na kuipakia kwenye mabehewa ya reli. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1911, mtu mmoja alikuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku kwa malipo ya dola 1.15. Alipochaguliwa kibarua mwenye nguvu, akaelekezwa lini anyanyue na lini apumzike, na akaahidiwa dola 1.85, alipakia tani 47. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu za kiwanda baadaye walikuta kwamba simulizi hiyo ilitiwa chumvi. Hata ikichukuliwa kama ilivyo, ina jambo la kutazamwa: kazi iliongezeka karibu mara nne, malipo yaliongezeka kwa asilimia 60 hivi. Hata kibarua asiyejua kusoma huiona hesabu hiyo.

Taylor alikuwa na jicho kali kwa jambo jingine, nalo ni kutegea. Alianzia kazi karakana, na alijua kwamba mafundi hodari hupunguza kasi kwa makusudi. Alijua pia sababu. Walipolipwa kwa kila kipande walichotengeneza, kila walipoongeza uzalishaji mwajiri alishusha bei ya kipande, na mtu akajikuta anapata fedha zilezile kwa jasho zaidi. Mafundi walihitaji kuliona hilo mara moja tu. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kupanga bei ya kipande kwa vipimo, kisha isiguswe. Waajiri wengi waliipokea sehemu ya kwanza, ya pili wakaisahau.

Tatizo la namna nyingine lilimkuta Henry Ford katika kiwanda cha Highland Park, jimbo la Michigan. Mwaka 1913 utaratibu wa kuunganisha magari yakiwa yanasogea ulianza, na kila mtu akabaki na kitendo kimoja cha kurudia kutwa nzima. Watu hawakugoma, waliondoka. Katika mwaka huo kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000 ili tu iwe na wafanyakazi 14,000 hivi. Tarehe 5 Januari 1914 Ford alitangaza kwamba saa za kazi zitashuka kutoka tisa hadi nane, na malipo ya siku yatapanda kutoka dola 2.34 hadi dola 5. Karibu nusu ya kiasi hicho iliitwa mgawo wa faida, na ili kuupata, mfanyakazi alikubali kutembelewa nyumbani na maofisa wa kampuni waliouliza kama anakunywa, kama anaweka akiba, kama nyumba yake ni safi. Uhamaji wa wafanyakazi ulishuka ghafla. Kazi yenyewe haikuwa imebadilika hata kidogo, wala haikuwa tamu zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Dola tano zilimpa mtu kitu cha kupoteza.

Bandari ya Mombasa ilionyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Kwa miongo kadhaa ya utawala wa Waingereza, shehena zilipakiwa na kupakuliwa na vibarua walioajiriwa kwa siku. Maofisa na waajiri walikuwa na nadharia yao ya motisha: kwamba Mwafrika hufanya kazi hadi apate kiasi alichokusudia, kisha hurudi shambani, na kwa hiyo akiongezwa ujira atafanya siku chache zaidi. Nadharia hiyo iliwafaa sana waliokuwa wakilipa. Kwa kibarua mwenyewe mambo yalikuwa wazi. Hakuwa na uhakika wa kesho, ujira haukutosha kulisha familia mjini, na shamba lilikuwa ndiyo bima yake ya uzeeni na ya ugonjwa. Kufika bandarini siku kadhaa tu kwa mwezi kulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Januari 1947 mji mzima uligoma kwa karibu wiki mbili, bandari, reli, hoteli na hata wapishi wa majumbani. Baada ya hapo serikali na makampuni ya meli walianza kusajili wachukuzi, kupunguza idadi ya vibarua na kuajiri kwa mwezi, na mgomo wa 1955, uliosuluhishwa kwa mkono wa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, ukaleta nyongeza ya asilimia 33. Mwanahistoria Frederick Cooper ameifuatilia safari hiyo kwa kina. Tabia iliyodhaniwa kuwa ya kabila au ya rangi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tabia ya aina ya ajira.

Jina linalotajwa kuliko yote katika taaluma hii ni Hawthorne, kiwanda cha vifaa vya simu cha kampuni ya Western Electric, kilichokuwa Cicero kando ya Chicago. Kati ya 1924 na 1927 wahandisi walijaribu kujua kama mwanga mkali huongeza uzalishaji. Matokeo yaliwachanganya: uzalishaji ulipanda walipoongezewa mwanga, ukapanda na kwa wale ambao mwanga wao haukuguswa. Kutokana na hapo kilizaliwa kisa kinachosimuliwa hadi leo darasani, kwamba mtu akijua anachunguzwa huongeza bidii bila kujali anafanyiwa nini. Mwaka 2011 wachumi Steven Levitt na John List walichapisha uchambuzi wa takwimu za awali zilizodhaniwa kuwa zimepotea, na kisa hicho hakikuonekana humo kwa namna kinavyosimuliwa. Kimebaki kwenye vitabu kwa sababu ni kitamu.

Majaribio yaliyofuata hapohapo Hawthorne yana manufaa zaidi, na yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1927 wanawake watano walihamishiwa katika chumba chao peke yao kuunganisha rilei, kifaa kidogo cha simu chenye vipande 35 hivi, kazi ya dakika moja kwa kila kimoja. Wa sita aliwagawia vipande. Kila rilei iliyokamilika ilidondoshwa kwenye kijifereji, na mashine ikatoboa tundu kwenye ukanda wa karatasi, hivyo kasi ya kila mmoja ilijulikana dakika kwa dakika. Kwa miaka mitano watafiti walibadilisha jambo moja baada ya jingine: mapumziko ya dakika tano, kisha kumi, kisha chai na kitafunwa, kisha siku fupi zaidi ya kazi. Uzalishaji ulipanda kwa takriban asilimia 30. Kilichoshangaza ni kwamba mapumziko yalipoondolewa na saa za zamani kurudishwa, uzalishaji haukurudi ulikotoka.

Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuhusika na utafiti huo mwaka 1928, alieleza kwamba siri ilikuwa uhusiano: wanawake wale walisikilizwa, wakaulizwa maoni, wakawa kikundi chenye mshikamano, na msimamizi wao hakuwa nyapara. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yaliacha mambo mawili nje. La kwanza ni malipo. Kabla ya jaribio, kipato cha kila mmoja kilihesabiwa pamoja na uzalishaji wa watu wapatao 100, na ndani ya umati huo juhudi ya mtu mmoja hupotea. Walipofika katika chumba chao, hesabu ilikuwa ya watu watano tu, na aliyekaza aliliona jasho lake kwenye bahasha ya mshahara. La pili ni kwamba Januari 1928 wawili kati ya watano waliondolewa, kosa lao likiwa kuongea mno na kutotoa ushirikiano, na waliochukua nafasi zao walikuwa wepesi zaidi. Mmoja wao ndiye aliyekuja kuwa kinara wa chumba. Kikundi kilichosifiwa kwa uhuru wake kilikuwa kimeshachujwa.

Chumba kingine cha Hawthorne ndicho chenye somo zito zaidi, na semina hukigusa kwa nadra. Kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932 wanaume 14, yaani mafundi tisa wa kufunga nyaya, wachomeleaji watatu na wakaguzi wawili, walifanya kazi mbele ya mtafiti aliyekaa pembeni akiandika. Walilipwa kwa mpango wa kikundi ulioundwa na wahandisi wenye hesabu safi kabisa: kadiri kikundi kinavyozalisha zaidi, ndivyo kila mmoja anavyopata zaidi. Mpango ule haukufanya kazi. Wanaume wale walikuwa na kiwango chao cha siku, walichokubaliana bila kikao, na hawakukivuka. Aliyezidisha alipewa jina la dhihaka na kupigwa ngumi ya begani. Aliyezembea alihesabiwa kuwa anawanyonya wenzake, na aliyepeleka maneno kwa msimamizi alitengwa. Wengine walifanya zaidi asubuhi, wakaficha ziada na kuitoa siku ya uchovu, ili takwimu zionekane zimetulia.

Mayo na wenzake waliona humo hisia za kikundi zikishinda hesabu za kiuchumi. Usomaji huo unawadharau mafundi wale. Walipoulizwa, walisema wanachohofia: wakizalisha zaidi, bei itashushwa au watu watapunguzwa kazi. Ulikuwa mwaka wa mdororo mkubwa wa uchumi, na chumba chenyewe kilifungwa kwa sababu kazi ilikwisha. Kikundi kile kilikuwa kinalinda ajira za wanachama wake kwa silaha pekee iliyokuwa mikononi mwao. Kinyume na picha ya mtu mvivu asiye na msukumo, kilikuwa na msukumo mwingi na nidhamu kali. Tatizo ni kwamba vyote vilielekezwa mbali na malengo ya menejimenti.

Si lazima mtu aende Chicago ili alione jambo hilo. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki mtumishi mpya anayefika mapema na kumaliza mafaili yote kabla ya saa ya chai huambiwa ana kiherehere, au anajipendekeza kwa bosi. Hakuna waraka unaosema hivyo, na hakuna anayehitaji waraka. Ndani ya miezi michache ama amepunguza kasi ama amehama. Hata zawadi ya mfanyakazi hodari inayotolewa Mei Mosi hupitia chujio hilohilo: mahali ambapo wenzake ndio wanaompigia kura, mshindi mara nyingi ni yule anayekubalika, au ni zamu ya idara yake. Jokofu na cheti vinakwenda kwa mtu, lakini ujumbe unaosomeka ni kwamba kupendwa kuna faida kuliko kuzalisha. Huenda huo nao si ujumbe mbaya kwa kazi inayotegemea ushirikiano, mradi mwajiri ajue ndio anaoutuma.

Nadharia za mahitaji, ambazo ndizo maarufu zaidi, zinaweza kupitiwa haraka. Mwaka 1943 Abraham Maslow alipanga mahitaji ya binadamu kuanzia chakula na usalama, kupitia kupendwa na kuheshimiwa, hadi mtu kufikia kilele cha uwezo wake. Piramidi inayochorwa kila mahali haimo katika makala yake. Ilichorwa na waandishi wa mambo ya uongozi waliokuja baadaye. Mpangilio wa ngazi kwa ngazi haujasimama vizuri mbele ya utafiti, na yeyote aliyewahi kumwona mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara akibaki jioni kuwafundisha watoto wa darasa la mtihani anajua kwa nini. Frederick Herzberg, katika kitabu cha 1959 kilichotokana na mahojiano na wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh, alitenganisha yanayokera na yanayochochea: mshahara, sera na usimamizi vikiwa vibaya humkera mtu, lakini kinachomchochea ni kazi yenyewe, mafanikio, kutambuliwa na kukabidhiwa jukumu. Wakosoaji walimjibu kwamba watu wakisimulia mafanikio hujisifu wenyewe, wakisimulia machungu huwalaumu mabosi, hivyo mgawanyo ule ulitokana kwa sehemu na namna ya kuuliza. Ushauri wake wa kuitazama kazi yenyewe kabla ya kuongeza zawadi umeishi kuliko nadharia yake.

Nadharia inayofaa zaidi kwa mtu mwenye watu wa kuwasimamia ni ya Victor Vroom, ya mwaka 1964. Inasema mfanyakazi hujiuliza maswali matatu. Nikikaza, matokeo yatapatikana? Matokeo yakipatikana, nitapewa nilichoahidiwa? Na nilichoahidiwa kina thamani kwangu? Majibu huzidishwa, hayajumlishwi. Moja likiwa sufuri, yote ni sufuri. Meneja anayeahidi bonasi kubwa kwa mauzo ya bidhaa ambayo ghala halina amejibu swali la tatu na kulisahau la kwanza. Majaribio mawili yaliyofanywa katika shule za Afrika Mashariki yanayaonyesha maswali hayo yakifanya kazi.

La kwanza lilifanyika mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Kati ya shule za msingi 100, nusu zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na walimu wa darasa la 4 hadi la 8 wakaahidiwa zawadi iwapo shule yao itaongoza au itapanda zaidi katika mtihani wa wilaya. Zawadi zilikuwa vitu: suti, vyombo vya mezani, seti ya chai, mablanketi, thamani yake ikiwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer waliochapisha matokeo mwaka 2010 walikuta alama za mtihani zimepanda. Walikuta pia kwamba utoro wa walimu haukupungua, kazi za nyumbani hazikuongezeka, na namna ya kufundisha haikubadilika. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya maandalizi ya mtihani, na mpango ulipokwisha, faida ya alama haikudumu. Walimu walifanya kile hasa walicholipwa kufanya, na kilicholipwa kilikuwa alama ya mwaka ule.

La pili ni KiuFunza, lililoendeshwa na shirika la Twaweza nchini Tanzania mwaka 2013 na 2014 katika shule za serikali 350 za wilaya 10. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kiwango ambacho sera ya nchi ilikitaja lakini kilichokuwa kikifika shuleni kikiwa pungufu. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la 1 hadi la 3 waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo kati ya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Sabini nyingine zilipewa vyote viwili, na 140 hazikupewa chochote ili kulinganishia. Watafiti, wakiongozwa na Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan, walichapisha matokeo mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuwafanya watoto wajue zaidi. Bonasi peke yake ilileta matokeo machache yasiyo thabiti. Vyote viwili pamoja vilileta mafanikio ya wazi, na mafanikio hayo yalizidi jumla ya matokeo ya ruzuku na ya bonasi yakihesabiwa mbalimbali.

Matokeo hayo yanawasuta watu wa pande mbili. Wapo wanaosema walimu wanahitaji vitabu na chaki tu, na wapo wanaosema wanahitaji kubanwa na kulipwa kwa matokeo. Mwalimu mwenye watoto mia moja darasani na kitabu kimoja, ukimwahidi bonasi, hujibu swali la kwanza la Vroom kwa kutikisa kichwa. Mwenye vitabu asiye na anayejali kama vinatumika huviacha kabatini, na makabati yaliyofungwa kwa kufuli yenye vitabu vipya ndani si kitu kigeni kwa mkaguzi wa shule. Awamu iliyofuata ya KiuFunza ililinganisha njia mbili za kukokotoa bonasi: moja rahisi, inayolipa kwa kila stadi ambayo mtoto ameimudu, na nyingine ya kitaalamu zaidi, inayomlinganisha kila mtoto na wenzake wa nchini walioanza naye kiwango kimoja. Kwa nadharia ya uchumi ya pili ndiyo bora. Darasani ile rahisi haikushindwa, na kwa baadhi ya masomo ilitangulia, kwa kuwa mwalimu aliweza kukaa na orodha ya wanafunzi wake na kujua shilingi ngapi zinamngoja.

Sehemu ya hesabu ambayo Vroom hakuigusa sana ni jirani. Stacy Adams, aliyekuwa mtafiti katika kampuni ya General Electric, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba mtu hapimi malipo yake kwa kuyatazama peke yake. Hulinganisha anachotoa na anachopata, kisha hutazama anachotoa na anachopata mwenzake. Akijiona amepunjwa, husawazisha: huongeza madai, hupunguza juhudi, au huondoka. Ndiyo maana mshahara ulioongezwa unaweza kushusha ari siku ileile, iwapo karatasi ya mishahara ya idara nyingine imeonekana.

Katika utumishi wa umma wa Afrika Mashariki usawazishaji huo mara nyingi hufanyika kwa njia ya posho. Mshahara wa msingi ni mdogo na unafanana kwa watu wa daraja moja. Tofauti huletwa na safari, vikao na semina. Posho hulipwa kwa kuhudhuria. Ofisa aliyebaki kituoni akahudumia wananchi kutwa hapati kitu, na mwenzake aliyekwenda semina ya siku tatu anarudi na fedha inayoweza kukaribia nusu ya mshahara. Steven Kerr aliandika mwaka 1975 juu ya upumbavu wa kulipia jambo moja huku ukitumaini kupata jingine, na angepata mfano wake bora kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina. Anayegawa nafasi za safari ana mamlaka kuliko anayesaini tathmini ya mwaka, na watumishi humjua.

Bado kuna jambo ambalo fedha hailinunui. Februari 1971 chama cha TANU nchini Tanzania kilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikakataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Ilikuwa imetanguliwa na waraka wa rais wa 1970 ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi, vyombo vya kushauri ambamo menejimenti ilikuwa na sauti kubwa. Wafanyakazi wa viwandani waliichukua ibara ile kwa uzito kuliko waandishi wake walivyotarajia. Hadi 1973 kulikuwa na mfululizo wa migomo, mingi ikiwa Dar es Salaam, na katika mingi malalamiko ya mbele hayakuwa mshahara bali lugha na mwenendo wa mameneja: matusi, kudharauliwa mbele ya wengine, kufukuzwa bila kusikilizwa. Issa Shivji ameichambua migomo hiyo katika kitabu chake cha 1976. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walikwenda mbali zaidi: walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. Watu walioitwa wazembe waliendesha mitambo bila nyapara. Serikali haikuuruhusu mtindo huo uenee, lakini tukio lenyewe ni ushahidi ambao nadharia ya mahitaji haiwezi kuueleza vizuri, kwani watu wa ngazi ya chini kabisa ya piramidi waliweka kazi zao rehani kwa ajili ya heshima.

Tathmini ya utendaji ndiyo mahali ambapo hesabu hizi zote hukutana. Tanzania iliacha taarifa ya siri, iliyoandikwa na mkubwa bila mhusika kuiona, na mwaka 2004 ikaanzisha mfumo wa wazi uliojulikana kwa kifupi chake cha OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwezi Julai, wakayapitia katikati ya mwaka, wakapeana alama mwezi Juni. Kwenye karatasi mfumo uliyajibu maswali ya Vroom moja baada ya jingine. Katika utekelezaji fomu nyingi zilijazwa kwa mkupuo mwishoni mwa mwaka, alama za watu wa ofisi moja zikafanana, kwa sababu msimamizi anayempa mtu alama mbaya huishi naye mwaka mzima unaofuata bila faida yoyote kwake. Zaidi ya hayo, malengo yaliandikwa Julai kwa bajeti ambayo huenda isifike, na kupanda daraja kulifuata miaka ya utumishi na kibali cha bajeti kuliko alama. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 nafasi yake imechukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kompyuta ambamo mtumishi huingiza kazi zake na msimamizi huzithibitisha mwaka ukiendelea. Kuchelewesha kujaza kumekuwa kugumu zaidi. Swali la nini kinamfuata aliyefanya vizuri haliko ndani ya programu. Liko kwenye ikama na mishahara.

Msimamizi wa ngazi ya kati, kama vile mwalimu mkuu, muuguzi kiongozi wa wodi au mkuu wa kitengo halmashauri, hana mamlaka juu ya mishahara. Anayo juu ya vitu vingine. Anaweza kutoa ratiba ya zamu mapema na kuhakikisha zamu za usiku na za sikukuu zinazunguka kwa wote, wakiwemo walio karibu naye. Anaweza kubandika ubaoni nani amekwenda semina gani mwaka huu. Anaweza kudai glavu, wino au kitabu kabla ya kudai matokeo, na akikosa, aseme amekosa wapi. Aliyefanya kazi ya watu wawili anaweza kumpa ruhusa ya siku moja bila kumzungusha. Aliyekosea anaweza kumwita ndani na kufunga mlango.